Pomadi ya Udongo Mweupe

Mathilde alikuwa amevifunga vikopo vyote kwa mikono yake mwenyewe. Alimimina pomadi ingali ya moto, akaiacha igande, akafunika, akazungushia kila kopo mkanda wa plastiki, kisha akavipanga juu ya meza. Asubuhi alipofungua kimoja ili mteja anuse, alikuta pomadi imechotwa. Vidole vitatu vilikuwa vimepita katikati na kuacha mifereji mitatu laini, mirefu, mpaka chuma cha kopo kikaonekana.

Aliomba pardon, akafungua cha pili. Kimechotwa. Cha tatu kimechotwa. Na mkanda wa kila kopo ulikuwa mzima.

"Labda njo mutoto," mteja alisema, huku akisogea nyuma kidogo.

"Labda," Mathilde akajibu, ingawa Espérance wake alikuwa wa miaka minne tu, na vidole vilivyopita mle vilikuwa virefu kuliko vyake yeye mama mtu.

Mathilde na mume wake Zihindula walitoka Bukavu, wakafika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na begi moja na kichwa cha cherehani. Zihindula alitafuta meza ya kukifungia kile kichwa, akaanza kushona barazani. Mathilde alikuwa na diplome ya ualimu, lakini shule za kambini zilikuwa na walimu wa kutosha, akakaa. Kilichomwamsha ni nyuso za wanawake wenzake kanisani. Wengi walijichubua kwa losheni za bei rahisi, na jua la wilaya ile ya Dowa likawamalizia: weusi kwenye paji la uso, wekundu kwenye mashavu, shingo imekuwa kama ya mtu mwingine. Akaanza kukamua mafuta ya avoka, akayayeyusha na nta ya nyuki, akatoa pomadi isiyochoma. Baadaye akaongeza sabuni, aliyoipika kwa mawese na soda kali, ile inayounguza ngozi. Juu ya vikopo alibandika jina: Ngozi ya Kwetu.

Biashara ilikwenda, lakini polepole. Iliyoifanya ikimbie ni udongo mweupe.

Kule Bukavu bibi yake alikuwa akijipaka udongo kama ule usoni, na alizeeka bila makunyanzi. Mathilde aliutafuta kila mahali kandokando ya kambi, mpaka alipouona ng'ambo ya mashamba ya mahindi, kwenye kijisitu ambacho Wamalawi hawakati hata ufito. Alijua kwa nini hawakati. Pale palikuwa manda, makaburi ya kijiji. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia karibu alimwona na jembe, akamtikisia kidole. "Amayi, pamenepo ayi," alisema. Hapo sipo, mama. Mathilde akasema zikomo, asante, akakaa chini kama mtu anayepumzika, akamsubiri yule mwanamke aende nyumbani. Kisha akachimba. Alijiambia makaburi yenyewe yako mbali, yeye anachukua ukingo tu. Akajaza ndoo moja. Udongo ulikuwa mlaini ajabu, unateleza mkononi kana kwamba tayari ulikuwa na mafuta ndani yake.

Aliuchekecha, akauchanganya kwenye pomadi, na wanawake walioupaka walipona. Makovu ya losheni yalifutika, mashavu yakarudi rangi yake. Habari zikafika mpaka Chinsapo, Lilongwe, ambako Lucie, mdogo wake Mathilde, alikuwa na chumba cha kusuka nywele. Lucie alikuja Dzaleka, akabeba vikopo vya pomadi na mfuko wa udongo wa kupaka usoni, akarudi akicheka njia nzima. Kwa mara ya kwanza tangu wakimbie Kongo, Mathilde alinunua nyama siku isiyokuwa ya Krismasi.

Siku ile vikopo vilipokutwa vimechotwa, alisema kimoyomoyo kwamba ni joto. Joto linayeyusha nta, pomadi inatitia, inafanya mistari. Akavijaza upya na kuandaa kazi nyingine. Alichanganya maji na soda kwenye ndoo ya plastiki kwa ajili ya sabuni, akaifunika na ubao ipoe, mbali na mtoto. Kisha akamkabidhi Espérance kwa jirani yao, Mama Nizigiyimana, mjane wa Kirundi aliyeongoza chumba cha maombi, na Mathilde akaketi barazani kuchekecha udongo, karibu na mume wake.

Jua lilikuwa utosini. Zihindula alisimamisha cherehani.

"Mama Espérance," alisema kwa sauti ya chini, "nani iko anajipakala mafuta kule ndani?"

Mathilde akasikiliza. Mlio ulitoka nyuma ya pazia, kwenye chumba alichopikia. Viganja vilikuwa vikisugua ngozi. Taratibu, bila haraka, kama mtu aliyetoka kuoga na ana siku nzima mbele yake; kiganja kinashuka na paja, kinapanda, kinapigapiga, kinashuka tena.

"Haiko muntu," alinong'ona. "Mutoto iko kwa Mama Nizigiyimana."

"Basi njo nani?"

Waliingia pamoja. Harufu iliwapokea mlangoni, harufu ya udongo uliolowa mvua, na chini yake harufu nyingine, ya nywele zilizoungua. Pazia lilikuwa limetulia, ila katikati yake, kwa urefu wa bega la mtu, doa la mafuta lilikuwa likienea polepole, kana kwamba upande wa pili kuna mtu ameegemea. Zihindula alilishika pazia kwa vidole viwili, akamtazama mke wake, akalivuta.

Alikuwa mwanamke, amewapa mgongo, yuko uchi. Kutoka nyayo mpaka kiunoni alikuwa na ngozi nzuri kuliko yoyote Mathilde aliyowahi kuiona, nyeusi, nyororo, inang'aa. Kutoka kiunoni kwenda juu hakuwa na ngozi kabisa. Ilikuwa nyama iliyoungua, nyeusi na nyekundu, iliyopasuka kama mkate uliosahauliwa motoni, na mbavu zilionekana zikipanda na kushuka kwa pumzi. Mkono wake mrefu ulichota pomadi kwenye kopo, vidole vitatu, ukaipeleka kiunoni, ukasugua, na pale uliposugua ngozi ilisogea juu, kidogo, kama chai inavyopanda kwenye kipande cha mkate.

Zihindula alipiga kelele. Yule mwanamke hakugeuka. Hakuwepo tena. Vilibaki vikopo vitupu vikibingirika sakafuni, na nyayo za mafuta zilizokwenda mpaka ukutani, zikaishia hapo.

"Tutupe hii bintu yote," Zihindula alisema walipotoka nje. "Yote! Leo!"

"Tutatupa. Lakini Lucie," Mathilde akasema. "Lucie iko anapakala bantu."

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena na tena. Hapo hakungoja. Zihindula aliahidi kumkumbatia mtoto na kumwita Mama Nizigiyimana aje aombee nyumba, naye Mathilde akapanda kabaza, baiskeli ya abiria, ikaruka mashimo mpaka barabarani. Akapata gari la Lumbadzi, na jingine la mjini, na jingine la Chinsapo, na njia nzima simu ya Lucie iliita bila kupokelewa.

Mlango wa saluni ulikuwa umefungwa kwa ndani. Aligonga, akataja jina lake. Lucie akafungua, mikono yake myeupe mpaka viwikoni, akamvuta ndani.

"Yaya, mukubwa wangu, haitoke! Nimetia maji, nimetia mafuta, haitoke!"

Kwenye kiti, mbele ya kioo, alikaa Ernestine, mteja wa Lucie wa siku nyingi, aliyekuja kujiandaa kwa harusi ya mdogo wake wa kiume. Alikuwa amepakwa udongo usoni. Udongo ule hukauka na kupasuka vipande vidogo, kisha unaoshwa. Huu haukupasuka. Ulikuwa umekaza kama sahani, mweupe, laini, matundu ya macho yameziba, mdomo umeziba, na matundu ya pua yalikuwa yakifumba taratibu mbele ya macho yao. Miguu ya Ernestine ilipiga sakafu. Kucha zake zilikuwa zimekatika kwa kujikwaruza.

"Mushike mikono!" Mathilde alisema.

Alichukua kitana cha mkia wa chuma, akaupenyeza chini ya kidevu, akausukuma. Ndipo udongo ule ulipotembea. Vidole vilichomoza ndani yake, vikijaribu kutoka kama vidole vya mtu aliyefunikwa shuka, vikamshika Ernestine shavu kutoka ndani, vikabana, na jinsi Mathilde alivyozidi kuusukuma mkia wa kitana ndivyo vilivyozidi kubana, mpaka taya la yule mama likalia kwa sauti ya kuni kavu inayovunjwa, na Lucie akawa anasema Yesu, Yesu, Yesu, bila kupumua, na Mathilde akaweka goti lake kwenye kifua cha Ernestine, akashika ukingo wa ule udongo kwa mikono miwili, akafumba macho, akavuta kwa nguvu zote alizopewa na mama yake.

Ulitoka. Ulitoka na ngozi.

Ernestine alivuta pumzi, akapiga ukelele uliowasimamisha watu barabarani. Upande mmoja wa uso wake, kutoka kwenye nyusi mpaka sikioni, ulikuwa mtupu kama nyama buchani. Mathilde alibaki ameushika ule uso mweupe, na ndani yake ngozi ya shavu la mwenzake imenata. Midomo ya udongo ikafunguka.

"Khungu langa," ikasema. Sauti ilikuwa ya mwanamke, kavu, iliyoungua.

Kisha uso ukavunjika vipande mikononi mwake, na ile ngozi haikuonekana tena, wala sakafuni, wala popote.

Mlango ulipigwa teke. Kaka zake Ernestine, waliokuja kumchukua, waliingia, nyuma yao majirani, na walichokiona ni dada yao ametapakaa damu na wanawake wawili wenye mikono myekundu. Nani angewasikiliza? "Bachawi!" mmoja alipaza sauti, na nje wengine wakaitikia kwa Kichewa, "Afiti! Afiti!" Kioo kilivunjwa kwa tofali. Lucie alivutwa nywele mpaka nje, akapigwa kwa mguu wa kiti chake mwenyewe. Mathilde alijilaza juu yake, akapokea mateke mgongoni, na jiwe moja likampasua mdomo. Pengine wangefia pale, kama mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya karibu na mlango asingewatupia watu maneno makali, kwamba yeye aliyasikia yale maneno kwa masikio yake, na hayakuwa ya mtu aliye hai.

Watu walisita. Katika kusita kule, wale dada wawili walijiburuta mpaka barabarani.

"Ilisema nini?" Mathilde alimuuliza yule muuza nyanya, aliyekuwa akimfunga Lucie kichwa kwa kitambaa.

"Ilisema 'ngozi yangu,'" yule mwanamke akajibu kwa Kiswahili cha kuokoteza. Akamwachia Lucie kama anayeachia kaa la moto. "Nendeni. Zikomo, nendeni."

Wakiwa bado garini, simu ililia. Alikuwa Zihindula, na alikuwa analia kama mtoto mdogo.

"Rudia," alisema. "Mama Espérance, rudia ku nyumba. Iko na mutoto."

Jua lilikuwa limeanza kulala walipofika Dzaleka. Majirani walisimama mbali na nyumba, wamewashika watoto wao. Barazani Mama Nizigiyimana alikuwa amelala ubavu, bado anapumua, taya lake limehama, Biblia iko mbali naye imechanika katikati. Zihindula aliegemea ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepindwa kinyumenyume, mfupa umetokeza juu ya kiwiko.

"Nilimushika," alisema. "Nilimushika mutoto, ile kintu ikanivunja kama kijiti. Mama Nizigiyimana akaomba, ikamupiga kofi moja tu. Moja tu, Mama Espérance."

Mathilde aliusukuma mlango.

Mule ndani mlikuwa na mwanga wa jioni uliopita dirishani, wa kutosha kuona kila kitu, na baadaye alitamani usingekuwepo. Yule mwanamke alikaa kwenye kigoda cha kupikia. Ngozi sasa ilikuwa imemfika shingoni. Juu ya shingo, uso ulikuwa bado nyama na meno, isipokuwa upande mmoja, ambako shavu la Ernestine lilikuwa limebandikwa, na nyusi yake, iliyochongwa vizuri kwa ajili ya harusi. Mapajani mwake alikuwa amempakata Espérance. Alikuwa anampaka. Alimpaka kama mama anavyompaka mtoto Jumapili kabla ya kwenda kanisani, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo, kati ya vidole vya miguu, akivuma wimbo bila midomo, na mtoto alikuwa anang'aa mwili mzima, macho wazi, hawezi kulia kwa sababu kinywa chake kilikuwa kimejazwa pomadi. Na kila alipomaliza kipande, yule mwanamke aliishika ngozi ya mtoto kwenye mstari wa nywele, kwa vidole viwili, akaivuta kidogo, taratibu, kama mtu sokoni anayejaribu kitambaa kama kitamtosha.

Mathilde alitaka kumrukia. Alijizuia. Kama angemrukia, mtoto angechunwa kabla hajafika. Kama angeomba, taya lake lingefuata la jirani. Alikitazama kile kiumbe, akaona kile ambacho hata pastori asingekiona: ngozi yote ile ilikuwa pomadi. Ilikuwa mafuta ya avoka na nta, mafuta tu, ambayo yeye mwenyewe aliyakamua. Na alijua kinachoyapata mafuta yakikutana na soda.

"Mama," alisema polepole, kwa sauti aliyoitumia kwa wateja. "Unampakala mubaya. Hii pomadi ya batoto haikufae. Uso yako imebakia. Wacha mi nikupakale."

Kichwa kiligeuka. Jicho moja lilikuwa na kope za Ernestine.

"Mi njo fundi," Mathilde akasema. Alikuwa anatembea huku anasema, akiinama, mikono imefunguka. "Nitakupakala vizuri. Utakuwa muzuri kupita bote. Weka mutoto chini."

Kiumbe kile kilimtazama kwa muda mrefu. Kisha kikamwachia mtoto ateleze mpaka sakafuni, kikainua uso wake mbovu na kufumba macho, kama wanavyofanya wanawake wote wanaosubiri kupakwa.

Lucie alikuwa mlangoni. Akamnyakua Espérance kwa mguu, akamvuta nje.

Mathilde aliondoa ubao kwenye ile ndoo ya soda, iliyokuwa kando ya ukuta. Akainyanyua, akaimwaga yote, kichwani, mabegani, kifuani, na kabla kile kiumbe hakijajua kilichokipata, alitupa ndoo na kukisugua kwa mikono yake miwili, kwa sababu sabuni haishiki bila kukorogwa.

Kililia. Watu wa Dzaleka waliokuwa hai siku ile wanausimulia mlio ule mpaka leo. Moshi ulipanda. Soda ilimla Mathilde viganja, ikamla vidole, aliona ngozi yake ikijikunja kama ganda la ndizi, lakini hakuacha kusugua, na kile kiumbe kilimpiga ngumi mbavuni, zikavunjika, kikamshika shingo na kumbamiza ukutani mara ya kwanza, mara ya pili, akaona giza, akasugua gizani, akisukuma ile soda ndani ya mabega, ndani ya matiti, ndani ya shingo ile iliyokuwa laini kuliko ya bibi harusi, mpaka akasikia chini ya mifupa ya vidole vyake ngozi ikianza kukaza, ikawa nzito, ikawa uji, ikawa donge, na ile mikono iliyokuwa imemkaba ikalegea, ikashuka, ikagandia mapajani.

Aliteleza chini na ukuta. Mbele yake alikuwepo mwanamke amepiga magoti, mweupe mwili mzima, hapumui. Alikuwa sabuni tupu.

Zihindula aliingia na shoka kwenye mkono wake mzima. Alikata kichwa kwanza. Mle ndani hamkuwa na damu wala mfupa. Mlikuwa na majivu.

Usiku Mathilde alilala hospitalini mikono imefungwa bandeji, mbavu zimekazwa, na hakuota kitu. Alfajiri alikataa kubaki. Walitia vipande vyote kwenye magunia, pamoja na udongo uliobaki, wakaviweka juu ya baiskeli za kabaza, na yeye na Lucie wakavifuata kwa miguu mpaka kwenye kile kijisitu. Yule mwanamke aliyemtikisia kidole siku ile aliwaita watu wa kijiji, na msimamizi wa makaburi akaja, mwanaume wa makamo mwenye buti za mpira. Alikuwa akiuza mkaa Dzaleka, kwa hiyo Kiswahili alikifahamu. Alifungua gunia, akatazama, akalifunga.

"Pigeni magoti," alisema.

Walipiga magoti wote wawili.

"Zamani, kabla mimi sijazaliwa, nyumba iliungua hapa usiku. Huyu alitolewa akiwa hana ngozi. Hakuna nguo iliyokubali kumkaa mwilini. Wazee wakachukua udongo mweupe, wakampaka mwili mzima, uwe ngozi yake, wakamzika nao." Akamtazama Mathilde mikononi. "Wewe ulichukua ngozi yake, amayi, ukaenda kuipaka watu wengine. Alikuja kuidai."

"Pepani," Mathilde alisema, kwa sababu hakuwa na neno lingine la Kichewa la kuomba msamaha. "Pepani. Pepani."

Lucie alilia pembeni yake, kitambaa cha kichwa kimejaa damu kavu.

Msimamizi aliyavuta magunia mpaka ukingoni. Alilichukua jembe, akalifungua lile shimo dogo la ukingoni, akaviweka vipande kimoja kimoja, kichwa mahali pa kichwa, miguu mahali pa miguu, akamwagia udongo juu yake kwa mikono, akiupapasa kama anayempaka mtu. Akasema maneno ya Kichewa kwa muda mrefu. Alipomaliza upepo ulipita kwenye miti, na Mathilde alihisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza. Mtoto wake alikuwa hai. Ernestine, walivyoambiwa, alikuwa hai. Angetafuta kazi nyingine, hata ya kufua nguo za watu, siku mikono itakapopona.

"Imeisha?" aliuliza.

"Huyu amelala," msimamizi alisema.

Akajifuta mikono, akazunguka nyuma ya kijisitu kukagua makaburi mengine, kama ilivyo desturi. Walimsikia akisimama. Mathilde akainuka kwa shida na kumfuata.

Upande wa pili wa miti hapakuwa na ukingo tena. Palikuwa na shimo, refu na pana, mtu angeweza kuingiza nyumba mle. Kuta zake zilikuwa zimechongwa kwa sepeto, nyeupe, bado mbichi, na chini kabisa hakukuwa na udongo hata wa kujaza kiganja. Walikuwa wamekomba wote. Kwenye majani kulikuwa na alama za matairi mapana, ya gari la mizigo.

"Nani amechimba hapa?" msimamizi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hawa ni watu wako?"

"Hapana. Hapana, mi sina muntu. Bantu balisikia tu udongo inaponesha."

Akavua kofia yake. "Huyo wako alikuwa mama wa nyumba," alisema. "Wewe ulichukua ndoo moja. Hapa walilala wengine walioungua. Mume, watoto, wakwe, wageni waliokuja kwenye ngoma. Wote walipakwa."

Mathilde alizifuata alama za matairi. Alipita mashamba ya mahindi akiwa ameshika mbavu zake, Lucie nyuma yake akimwita yaya, yaya, rudia. Zilifika kwenye lami na kupotea. Lakini gari lilikuwa limejaa kupita kiasi, na lilikuwa likimwaga kwenye kila shimo la barabara, na kwenye ile lami nyeusi mstari mweupe ulionekana vizuri, mwembamba, haukatiki, ukielekea Lilongwe.